Safu ya Maelezo

Daftari la zamu ya usiku lina safu saba:
jina, umri, kitanda, ugonjwa, dawa, saa,
na ile ya pembeni, nyembamba kama utambi: Maelezo.
Humo hutosha maneno mawili, labda matatu.
Amelala. Homa imeshuka. Amefariki alfajiri.
Usiku huu mwandiko wangu umekataa kukaa humo.
Ninyi wa zamu ya asubuhi, nisameheni, nimevuka mstari.

Kitanda cha nne. Nsimire M'Cishugi, miaka kumi na tisa.
Alijifungua Jumanne ya juma lililopita.
Amepona. Mtoto ananyonya, ana mapafu ya mchuuzi wa soko la Kadutu.
Ila haendi nyumbani.
Faktira yake ameikunja mara nne chini ya mto:
glavu, uzi wa kushonea, serumu, kitanda,
halafu kitanda tena, kwa kila siku anayokilalia
kwa kuwa hajakilipa.
Nimeipiga hesabu hiyo mara tatu.
Haina mlango.

Saa saba umeme ulikatika. Hatukushtuka,
ndicho kitu pekee kinachotufikia kwa wakati.
Ruzizi inazungusha mitambo yake usiku kucha, si mbali na hapa,
na sisi tunapapasa mishipa ya watu kwa vidole.
Jenereta ina tumbo tupu tangu Pasaka.
Aliletwa kijana wa pikipiki, goti limefunguka kama kitabu.
Dokta Bisimwa alimshona kwa mwanga wa simu,
shemeji mtu ameishika juu, mkono unamtetemeka,
asilimia kumi na mbili, tisa, sita.
Dokta alishindana na betri.
Alishinda kwa nyuzi mbili.
Kisha akakaa chini, pale pale kwenye saruji,
akaniomba maji, nikakumbuka hayapo.

Mvua ikaja. Kilima kikaanza kuteremka kama kawaida yake,
tope likapita uani likaingia duka la dawa
lisikute cha kuharibu.

Ndipo Nsimire akaniuliza gizani:
"Mama Nowela, na wewe wanakushikilia kwa deni gani?"
Nilicheka. Kisha sikucheka.
Mwezi wa kumi na mmoja huu, bila mshahara.
Primu tunaisikia redioni.
Mwenye nyumba wangu kule Cimpunda ameacha kujibu salamu,
na wiki iliyopita, Mungu ananijua,
nilimuuzia mgonjwa sindano aliyopaswa kupewa bure,
nikanunua sambaza na unga wa bugali.
Wanangu walikula. Mimi nilitazama sahani.

Sidai marumaru. Sidai jengo la kukatiwa utepe.
Nadai glavu tusizihesabu kama vito.
Nadai mafuta ya jenereta yafike yakiwa mafuta, yasifike yakiwa karatasi.
Nadai mama akipona, aitwe mzima, asiitwe dhamana.
Na siku ya mshahara iwe na tarehe,
kama mazishi yalivyo na tarehe.

Sasa kumekucha, ziwa linaanza kuonekana, jeupe kama maziwa ya mgonjwa.
Nimerudia ile hesabu mara ya nne, nikauona mlango.
Soma safu ya mwisho, imeandikwa kwa mkono wangu:

Amepona. Ameenda nyumbani.
Faktira yake ikatwe kwenye miezi kumi na mmoja
ambayo hospitali hii inadaiwa nami.
Salio nitalifuata.

Mlinzi Kaningini alisimama getini, ufunguo mkononi,
maana ameajiriwa kuwazuia waliopona.
Alitaka kibali. Nilimpa daftari.
Alisoma polepole, midomo ikisogea,
mtoto akipiga chafya ndani ya kitenge.
Akafungua.
Hakumtazama Nsimire akiteremka kwenye tope.
Alikuwa anahesabu kwa vidole,
mkono mmoja, kisha mwingine, kisha akaanza upya.
"Mama Nowela," akasema,
"na miezi yangu mimi, itatoa wangapi?"